Vitanda Vinane, Watu Wanane: Familia za Mwambao Katika Mifereji ya Birmingham

Na Mwandishi Wetu, Birmingham

Mji wa Birmingham hauna bahari. Ukitoka Hockley kwa gari, upande wowote utakaoshika, zitapita karibu saa mbili au zaidi kabla hujanusa maji ya chumvi. Hata hivyo, alama ya mji huu kwenye dhahabu na fedha ni nanga. Tangu 1773, ilipoanzishwa ofisi ya kupima madini ya thamani, vito vinavyopimwa Birmingham hugongwa muhuri wa nanga ndogo, na ofisi hiyo hadi leo imo katika mtaa wa masonara, hapa hapa Hockley. Akina mama wenye bangili au pete zilizonunuliwa Uingereza wazitazame upande wa ndani kwa miwani, huenda wakaiona.

Sisi watu wa mwambao tulioletwa hapa na mambo ya dunia tumezoea kuifanyia mzaha nanga hiyo: nanga isiyo na chombo. Kumbe vyombo vipo. Vipo nyuma ya nyumba zetu, chini ya madaraja tunayopita kila siku tukienda sokoni na msikitini, na wengi wetu hatuvitazami. Makala haya yanahusu siku nne za Agosti iliyopita ambapo familia mbili, yetu na ya jirani zetu waliotoka Pemba, ziliamua kuvitazama. Yanahusu pia jambo moja dogo lililotokea gatini kabla hatujafungua kamba, ambalo limetukaa moyoni kuliko safari yenyewe.

NJIA ZA MAJI ZA HOCKLEY

Kwanza tuelewane kwenye neno. Kwetu Unguja mtu akisema mfereji anakusudia bomba la maji ya kunywa. Hapa tunakusudia njia ya maji iliyochimbwa na watu kwa sepetu na toroli, ili vyombo vipite nchi kavu. Birmingham ilianza kuchimbiwa mfereji wake mkuu baada ya Bunge kupitisha sheria mwaka 1768. Mhandisi alikuwa James Brindley, na kufikia 1772 mfereji ulikuwa umefika karibu na Wolverhampton. Brindley hakupenda kubomoa vilima, alivizunguka, hivyo mfereji wake ulipinda kama nyoka. Katika miaka ya 1820 akaja Thomas Telford, akapasua vilima na kuinyoosha njia, na safari ya maili 22 na ushei ikapungua kwa maili saba hivi. Wenyeji hupenda kujisifu kwamba mji wao una mifereji mirefu kuliko Venice.

Kipande kimoja cha mfereji wa zamani kilichoachwa pembeni na Telford ndicho kinachopita kwetu. Kinaitwa Soho Loop. Kinapita Hockley, kinapita chini ya kuta za gereza la Winson Green, kisha kinarudi kwenye njia kuu. Jina la Soho linakumbusha kiwanda cha Matthew Boulton, ambaye pamoja na James Watt walianza mwaka 1775 ushirika wa kuuza mashine za mvuke. Kiwanda chenyewe hakipo tena, lakini mashine yao moja ya 1779, iliyokuwa ikisukuma maji kuyarudisha juu ya kilima cha Smethwick, imehifadhiwa katika makumbusho ya Thinktank mjini hapa, na inatajwa kuwa mashine ya mvuke kongwe kuliko zote duniani ambayo bado inaweza kufanya kazi.

Kando ya kipande hicho kuna mahali panapoitwa Hockley Port, yaani Bandari ya Hockley. Zamani mizigo ilihamishwa hapo baina ya treni na boti. Siku hizi kuna watu wanaoishi humo ndani ya boti zao, wamepanda maua juu ya paa na paka wao wanaota jua. Watoto wetu walizaliwa mwendo wa dakika kumi tu kutoka bandari hiyo.

KWA NINI HATUPANDI

Ndugu zetu walioko Sweden na Norway wanatusimulia kwamba ikifika Julai, wenyeji wao huifungia familia nzima ndani ya boti ya matanga, baba, mama, watoto na mbwa, wakatambaa kisiwa hadi kisiwa kwenye mwambao ule wa majabali. Jioni hufunga kamba kwenye jiwe, wakapika, wakalala. Sweden imeiandika hata katika katiba yake, tangu 1994, haki ya kila mtu kutembea na kupumzika katika maumbile bila kujali ardhi ni ya nani, mradi asiharibu wala asimsumbue mwenye nyumba. Tulipowasomea watoto barua pepe ya mmoja wa ndugu hao, swali lao lilikuwa fupi: "Na sisi je? Si mnasema sisi ndio watu wa bahari?"

Swali hilo lina jibu, lakini si jibu rahisi kumpa mtoto wa miaka tisa. Kwa wengi wetu, familia na chombo vikikutana katika sentensi moja, kinachofuata si mapumziko. Baada ya maandamano ya tarehe 27 Januari 2001, ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa Zanzibar, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka kwa majahazi, mashua na ngalawa hadi Shimoni, Kenya. Walivuka na watoto wachanga, usiku, wengine bila hata chupa ya maji. Baba wa jirani zetu hawa ni mmoja wao. Kwake yeye safari ya familia baharini ni ile.

Kisha ikaja 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ilikuwa imebaki siku chache tangu sikukuu ya Idd, na ndani mlikuwa na familia zinazorudi nyumbani, wanafunzi, wafanyabiashara, magunia ya mchele na magodoro. Waliokufa na wasioonekana ni mamia kwa mamia. Mpaka leo kuna nyumba Pemba ambazo hazijui zihesabu vipi, kwa sababu majina ya waliopanda hayakulingana na watu waliopanda.

Bi Mkubwa wa jirani zetu, mama mwenye miaka sabini na ushei, alimpoteza mdogo wake wa kike ndani ya meli ile, pamoja na wajukuu wawili wa mdogo wake huyo. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga chombo. Alipokuja Uingereza kuishi na mwanawe alikuja kwa ndege, na walipompeleka kutembea pwani ya Wales alikaa ndani ya gari na kuupa mgongo upande wa bahari.

JAMBO LILILOTOKEA GATINI

Boti tulilokodi ni la aina inayotumika katika mifereji yote ya hapa: refu na jembamba kama mhindi, upana wake futi saba tu, kwani milango ya maji ilijengwa kwa kipimo hicho. Mashine yake ni ya dizeli. Ndani lina jiko, meza, choo, na vitanda vinane vinavyokunjwa mchana vikawa viti. Huhitaji leseni ya unahodha kulikodi. Mwenyewe hukufundisha kwa saa moja, kisha anakuaga.

Karatasi yetu ilikuwa na majina manane: watu wazima wanne na watoto wanne. Bi Mkubwa alikuwamo katika hao wanne, lakini hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuja na baibui lake na mfuko mdogo, akasimama mbali na maji, akasema amekuja kusindikiza. Kwa kuwa nafasi yake ilionekana kama ipo na haipo, mpwa wetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, naye akaja na begi lake mgongoni.

Mzee wa gati, Mwingereza wa makamo mwenye mikono ya mafuta ya mashine, akashika karatasi akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, hadi watoto. Akafika tisa. Akasema boti hili ni la watu wanane, mmoja abaki. Mpwa wetu akajitetea kwamba yeye ni mwembamba, atalala sakafuni, hatamsumbua mtu. Mzee akarudia: wanane. Akamwonyesha majaketi ya kuelea yaliyotundikwa ukutani, akayahesabu nayo. Yalikuwa manane.

Bi Mkubwa, aliyekuwa hajui Kiingereza cha kutosha, akauliza, "Anasema nini huyo?"

Mwanawe akamweleza.

"Muulizeni, na akipewa pesa juu?"

Tuliona haya kidogo, lakini mpwa wetu akauliza. Mzee wa gati hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halimo katika mambo yanayowezekana, akaendelea kufunga kamba yake.

Bi Mkubwa akakaa kimya kwa muda. Kisha akamwambia mpwa wetu, "Baba, wewe panda treni. Huyu mtu kahesabu. Mimi napanda."

Akampa mjukuu mkono, akasema Bismillahi, akatia mguu ndani.

SIKU NNE

Sheria ya mifereji hii hairuhusu mwendo wa zaidi ya maili nne kwa saa. Hata hizo tulikuwa hatuzifiki. Watembea kwa miguu walitupita kwenye njia ya kando, ile waliyokuwa wakipita farasi wavutao boti kabla ya mashine. Ukiwa kwenye mwendo huo unaona vitu ambavyo ukiwa ndani ya basi namba yoyote huvioni: korongo amesimama chini ya ukuta wa gereza, mkuyu uliochipua kwenye dirisha la kiwanda kilichokufa, majina ya wafua chuma yaliyochongwa kwenye matofali.

Usukani wa boti hili ni wa kana, sawa na wa mashua zetu: ukitaka kichwa kiende kulia, unasukuma kana kushoto. Baba wa jirani zetu, aliyekuwa hajashika kana tangu Shimoni, aliishika kama mtu anayeshika mkono wa rafiki wa zamani, na kabla ya adhuhuri alikuwa akiwafundisha watoto. Hapo ndipo tulipogundua jinsi lugha inavyopotea. Watoto wetu wanasema Kiswahili cha nyumbani, cha chakula na cha kugombezwa, lakini hawakujua omo ni upande wa mbele na tezi ni upande wa nyuma. Hawakujua pondo ni mti wa kusukumia chombo, wala ngama ni sehemu ya chini yanapojikusanya maji. Kufika jioni mdogo wao alikuwa akipiga kelele, "Njoo tezi! Njoo tezi!" kwa lafudhi ya Birmingham. Maneno hayo hayafundishiki sebuleni, yanataka chombo.

Huko Smethwick tulipanda milango mitatu ya maji. Kwa asiyejua: ni chumba cha matofali chenye milango mbele na nyuma. Boti inaingia, milango inafungwa, unazungusha mkono wa chuma, maji yanamwagika ndani, na chombo kinainuka chenyewe hadi kulingana na mfereji wa juu. Milango mitatu ile inakupandisha futi 20. Bi Mkubwa alisimama mlangoni akitazama ukuta wenye kuvu ukishuka mbele ya macho yake, akasema, "Hii bamvua ya kutengenezwa." Hatujasikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Mbele kidogo kuna mahali panapoitwa daraja la Stewart. Boti letu lilikuwa likielea kwenye mfereji wa zamani wa Brindley, ambao hapo hupita juu ya mfereji mpya wa Telford kwa daraja la maji. Pembeni yake kuna reli, na juu ya vyote, kwenye nguzo nene za saruji, magari ya barabara kuu ya M5 yananguruma. Miaka zaidi ya mia mbili ya usafiri imepandana mahali pamoja, na sisi tulio wa polepole kuliko wote ndio pekee tuliokuwa tunakunywa chai.

MATUMBAWE CHINI YA DUDLEY

Siku ya pili tulifunga kamba Tipton, mpwa wetu akatufuata kwa treni, na sote tukaenda kuona handaki la Dudley. Boti zenye mashine za dizeli haziruhusiwi kuingia humo kwa sababu ya moshi, hivyo wageni hupelekwa kwa boti za umeme za jumuiya inayolitunza. Handaki lina urefu wa karibu kilomita tatu, na limepasuliwa ndani ya mwamba wa chokaa. Zamani mabaharia wa mifereji walilala chali juu ya boti wakasukuma ukuta kwa miguu hatua kwa hatua mpaka upande wa pili. Watoto walipewa nafasi ya kujaribu. Dakika mbili zikawatosha.

Ndani, kiongozi wa boti alimulika ukuta kwa kurunzi. Jiwe lilikuwa limejaa alama za viumbe: konokono, wadudu wa baharini, na matumbawe. Alitueleza kwamba mwamba ule ulijengeka miaka zaidi ya milioni 420 iliyopita, wakati kipande hiki cha dunia kilikuwa kusini ya ikweta, chini ya bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Bi Mkubwa akanyoosha mkono akaligusa.

"Mawe ya nyumba za Mji Mkongwe haya," akasema.

Hakukosea sana. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Ya kwetu ni machanga, ya Dudley ni makongwe mno, lakini bahari iliyoyazaa ni ya namna moja. Tumeishi miaka mingi katika mji huu tukisema umetuweka mbali na bahari, na kumbe ipo chini ya nyumba zao, imegeuka jiwe.

Siku ya tatu tuliteremka milango mitatu hapo Tipton na kushika njia iliyonyooka ya Telford kurudi Birmingham. Tulipita chini ya daraja la Galton, la chuma, lililojengwa 1829 juu ya bonde lililochimbwa kwa mikono. Wanaopenda uzuri wa daraja wajue pia kwamba familia ya Galton ilitajirika kwa kutengeneza bunduki, zikiwamo zilizouzwa pwani ya Afrika Magharibi katika biashara ya watumwa, hata Waquaker wenzao wakamkana mmoja wao mwaka 1796 kwa ajili ya kazi hiyo.

HESABU YA VICHWA

Tumelitafakari sana jambo la mzee wa gati. Ni rahisi kusema Wazungu ndivyo walivyo, wanafuata sheria. Historia ya mifereji hii haisemi hivyo.

Katika karne ya 19 familia nzima za mabaharia wa mifereji ziliishi ndani ya kijumba cha nyuma ya boti, futi kumi kwa saba, baba na mama na watoto watano au zaidi, pembeni ya mzigo wa makaa. Watoto walizama, waliugua, hawakusoma. Nchi ilikuwa tajiri na haikujali. Akatokea mtu mmoja, George Smith wa Coalville, akaandika kitabu mwaka 1875 na kupiga kelele mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1877: kila boti linaloliwa na kulalwa liandikishwe, na iandikwe ni watu wangapi wanaruhusiwa kulala humo. Sheria ikapita, mambo hayakubadilika sana, kwa sababu hapakuwa na wa kukagua. Smith hakunyamaza. Mwaka 1884 ikaja sheria nyingine yenye wakaguzi na taarifa ya kila mwaka. Mzee wa gati aliyetuhesabu kwa kidole ni mtoto wa sheria ya pili, si ya kwanza.

Kwetu je? Zanzibar ilikuwa na sheria ya 2009 iliyoanzisha Mamlaka ya Usafiri Baharini. Sheria ilikuwapo usiku ule wa Septemba 2011. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na Chumbe, watu wengine wengi wakafa, na waziri mhusika akajiuzulu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101, waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Hakuna aliyeweza kusema hapakuwa na sheria. Hapakuwa na mtu mwenye karatasi mkononi, aliyesimama mlangoni mwa chombo, akafika kwenye namba yake, akasema basi, na asiuzike.

Tunajua meli za siku hizi baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam ni nzuri kuliko zile. Lakini meli nzuri ikijazwa huzama kama mbovu, na kazi ya kuhesabu haihitaji msaada wa wafadhili wala mtaalamu kutoka nje. Inahitaji kidole na dhamiri. Abiria naye ana sehemu yake: anayempa karani chochote ili apenyezwe juu ya idadi, ananunua nafasi ya kaburi la mwenzake.

Kwa ndugu zetu wa Birmingham tuna neno dogo zaidi. Si lazima mkodi boti. Sisi tulichanga miezi minane. Njia ya kando ya mfereji ni ya bure na iko wazi kwa kila mtu, na taasisi ya hisani inayosimamia mifereji ya Uingereza na Wales tangu 2012 ina njia za maji za maili 2,000 za kutembelewa. Wapelekeni watoto. Wafundisheni kuogelea kwanza, kisha omo na tezi.

Usiku wa mwisho tulilala karibu na Hockley, mvua ikipiga juu ya paa la chuma. Bi Mkubwa alikaa tezi chini ya mwavuli hadi saa tano, akiwasimulia wajukuu habari za mdogo wake: jinsi walivyokuwa wakivua chaza pamoja wakiwa wasichana huko Wete, na jinsi alivyokuwa hodari wa kupiga mbizi kumshinda. Mwanawe alituambia baadaye kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kumsikia akimtaja kwa jina. Asubuhi aliuliza kama mwakani boti la watu kumi linapatikana, na kama ndiyo, basi mpwa wetu aandikwe mapema.